Mtungi Uliopita Mkokoteni: Kisa Kimoja cha Kani na Kasi, Mji wa Kale Mombasa

Mkokoteni uliopakia mitungi 20 ya maji ulikuwa ukishuka barabara moja ya Mji wa Kale, katika ile mitaa inayoinamia upande wa bahari. Alasiri ilikuwa imeingia, mvua ya masika imetoka kunyesha na lami ingali inang'aa. Hamali alikuwa mbele, katikati ya mikono ya mkokoteni, ameupa mzigo mgongo. Alipofika kama theluthi ya mteremko, mzigo ulianza kumsukuma. Alikaza miguu, miguu ikateleza. Akainua mikono ya mkokoteni juu ili mkia wake uburure chini, nao haukugusa kitu. Hapo akaanza kukimbia kwa kulazimika, mkokoteni uko nyuma yake, na kule chini njia inaishia penye watu. Akaukata kushoto kidogo, akachomoka katikati ya mikono, na gurudumu la kushoto likagota pembe ya baraza ya nyumba. Mkokoteni ukasimama pale pale.

Mitungi mingi ilibaki mahali pake kwa kuwa ilibanwa na ubao wa mbele. Mitatu ya safu ya juu, ambayo haikufungwa kamba, ilipita juu ya ubao na kuanguka barabarani kama mita moja u nusu mbele ya mkokoteni uliosimama. Mmoja ulipasuka. Hamali alichubuka goti tu, na baraza ilikuwa tupu kwa sababu wazee wanaoketi hapo walikuwa msikitini.

Baadhi ya wanafunzi ninaowafundisha sayansi jioni, watoto wa sekondari msingi wa miaka 13 na 14, walikuwa wakipita. Kesho yake walikuja darasani wakisimulia wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Somo nililoandaa lilikuwa hilo hilo la sheria za mwendo, kwa mifano ya vigari juu ya meza laini. Niliuweka kando ule ukurasa. Kisa chao kilikuwa na kasi, mteremko, msuguano, breki iliyokosekana na mzigo uliovuka mipaka yake, na zaidi ya yote walikuwa wamekiona kwa macho yao.

Walivyoeleza wenyewe

Niliwaambia waandike kwanza walichokiona, sababu zingoje. Karibu wote waliandika kwamba mitungi "ilirushwa mbele". Nikawauliza: nani aliyeirusha? Majibu yakaja matatu.

La kwanza: baraza ndiyo iliyorusha, kwa kishindo cha kugongwa. La pili: mkokoteni ulikuwa na nguvu ndani yake iliyokusanywa kwa kukimbia, na uliposimama ile nguvu ikahamia kwenye mitungi. La tatu: chanzo cha yote ni uzito, maana mkokoteni mwepesi usingekimbia vile. Kisha msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Mwalimu, mimi sikuona kitu chochote kikiisukuma ile mitungi."

Katika miaka yote ya kufundisha somo hili sijapata sentensi nzuri ya kuanzia kuliko hiyo. Kani ni kusukuma au kuvuta, na haiwezi kusukuma au kuvuta bila ya kuwako kitu kinachofanya hivyo. Kila kani ina mwenyewe. Mwanafunzi anayedai kuna kani anapaswa kuonyesha mwenyewe kwa kidole: kamba, mkono, lami, hewa, dunia. Asipoweza kumwonyesha, kani hiyo haipo, hata kama inaonekana kana kwamba lazima iwepo.

Basi tukauchora mtungi mmoja peke yake, umetengwa na kila kitu, katika ile nukta mkokoteni umegota. Ni nani anayeugusa? Mtungi wa chini yake, unaoubeba na kuukwaruza. Hewa, ambayo kwa kasi ile ni kidogo mno. Na dunia, isiyohitaji kugusa, inauvuta chini. Baraza haikuugusa kabisa. Baraza iligusa gurudumu, na ikalisukuma nyuma, si mbele. Kwa hiyo jibu la kwanza likaanguka hapo hapo: mwenye kani tuliyemdhania anasukuma upande wa kinyume na ule mitungi ilikoelekea.

Kani pekee ya ulalo iliyokuwa juu ya mtungi ni msuguano wa mtungi wa chini, nayo ilikuwa ikiurudisha nyuma. Mtungi ulikwenda mbele kwa sababu tayari ulikuwa ukienda mbele. Kilichobadilika ni mkokoteni. Isaac Newton aliiandika sheria hii ya kwanza mwaka 1687, katika kitabu chake cha Kilatini kinachojulikana kwa kifupi kama Principia: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ile ile na katika mstari ule ule, mpaka kani ya nje ije kukibadilisha.

Jibu la pili, lile la nguvu iliyokusanyika ndani, linastahili heshima. Wasomi wakubwa wa zamani walilishikilia kwa karne nyingi, na maisha ya kila siku yanalifundisha: acha kuvuta mkokoteni, nao unasimama. Mtoto anaona wazi kwamba mwendo unataka kani ya kuulisha, na ukikosa chakula unakufa. Kumwambia tu kwamba amekosea hakumsaidii. Lazima aonyeshwe ni nani anayeusimamisha ule mkokoteni uliolegezwa.

Mizani ya muuza samaki

Tuliazima mizani ya kuning'iniza, ile ya springi yenye kulabu ambayo wauza samaki hupimia, tukaifunga kwenye mkokoteni uliopakiwa vivyo hivyo, mahali tambarare. Kila mtungi una lita 20, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 400. Mkokoteni wenyewe, wa mbao na ekseli ya gari kuukuu, tuliukadiria kilo 100. Jumla kilo 500.

Mkokoteni ukivutwa kwa mwendo wa kawaida usiobadilika, mshale wa mizani ulitulia karibu na kilo 12. Mizani ya samaki husoma kilo, lakini kinachoikunjua springi ni kani. Kilo moja inayoning'inia huvuta kwa takriban nyutoni 10, nyutoni ikiwa ndicho kipimo cha kani. Hivyo hamali anavuta kwa nyutoni 120. Hapa nikawauliza swali ambalo huwa naliona likiwakwama watoto kooni: ikiwa anavuta kwa nyutoni 120 bila kukoma, mbona kasi haiongezeki?

Walikaa nalo kwa muda, na sikuwaharakisha. Aliyelijibu alilijibu kwa kumtafuta mwenye kani mwingine: matairi yanayobonyea na kusuguana na lami, na ekseli inayosuguana kwenye beringi. Hao kwa pamoja wanavuta nyuma kwa nyutoni 120. Mbele 120, nyuma 120, salio sifuri; na salio likiwa sifuri mwendo haubadiliki. Hamali, basi, hatumii kani ile kuupa mkokoteni mwendo. Mwendo mkokoteni unao tayari. Kani yake inafuta msuguano, na lau msuguano usingekuwapo angeweza kuachilia mikono na mkokoteni ungeendelea.

Lakini kabla ya kutulia kwenye 12, mshale ulipanda sana, ukapita 30. Ndiyo maana hamali wakiondoka huinama mbele mpaka kifua kinakaribia kulala, halafu baada ya hatua chache hunyooka. Kuutoa mkokoteni kwenye utulivu mpaka kasi ya kutembea, mita 1.2 kwa sekunde, ndani ya sekunde 3, ni kuongeza kasi kwa mita 0.4 kwa sekunde katika kila sekunde. Huo ndio mchapuko. Sheria ya pili ya Newton inasema salio la kani ni sawa na tungamo, yaani zile kilo za kitu, mara mchapuko: 500 mara 0.4, nyutoni 200. Jumlisha 120 za msuguano, tunapata 320. Mizani ilikuwa imesema vivyo hivyo kabla hatujaandika hesabu ubaoni, na nafurahi mambo yalikuja kwa mpangilio huo.

Mteremko

Kupima mteremko tulitumia mpira wa maji, ule mrija mwangavu ambao mafundi wa ujenzi hutumia kusawazisha kuta. Maji ya ncha moja na ya pili husimama kimo kimoja, hivyo ukiweka ncha moja juu na nyingine mita 4 mbele yake kufuata mteremko, unasoma moja kwa moja ardhi imeshuka kiasi gani. Ilishuka sentimita 20 kwa kila mita 4, yaani mita 1 kwa kila mita 20.

Dunia inauvuta mkokoteni wa kilo 500 kwa nyutoni 5,000, wima kwenda chini. Barabara inaubeba sehemu kubwa ya uzito huo, lakini kwa kuwa imeinama haiubebi wote. Sehemu moja kwa ishirini hubaki ikivuta kufuata mteremko. Ni nyutoni 250. Ondoa 120 za msuguano wa magurudumu. Zinabaki 130, na hizi ndizo zilizoanza kumsukuma hamali mgongoni. Nyutoni 130 ni kama uzito wa kilo 13. Mtu mzima mwenye afya anazimudu. Basi zilimshinda vipi?

Tuanze na zilichofanya baada ya kumshinda. Nyutoni 130 juu ya kilo 500 ni mchapuko wa 0.26: kila sekunde inayopita, kasi inazidi kwa mita 0.26 kwa sekunde. Kwa jicho ni jambo dogo, na hatari yake imejificha humo. Kuanzia pale miguu ilipoachia mpaka kwenye baraza tulipima kwa tepu kama mita 29. Alianza na mwendo wa kutembea, 1.2. Baada ya sekunde 11 angekuwa na 1.2 na juu yake 2.86, jumla karibu mita 4 kwa sekunde; kasi ya wastani ni 2.6, na 2.6 mara sekunde 11 ni hizo mita 29. Mita 4 kwa sekunde ni zaidi kidogo ya kilomita 14 kwa saa. Ni mbio za mtu mwenye kandambili kwenye lami ya maji, na kilo 500 nyuma yake.

Wanafunzi walioshuhudia walikuwa wamesema jambo zima lilichukua "dakika nzima", na mwingine "sekunde tatu". Niliwaomba wasifute walichoandika. Ni vizuri mtoto aone kwa maandishi yake mwenyewe jinsi jicho lenye hofu linavyopima muda.

Kani iliyohitajika juu, na iliyohitajika chini

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki chote. Tulipokwenda kumwona hamali, watoto walimwamkia, "Shikamoo, ami," na mmoja akamuuliza kwa nini hakuushika mkokoteni ulipoanza kukimbia. Akamjibu bila kukasirika: "Mwanangu, mteremko haushikwi katikati. Hushikwa juu." 

Tuliirudia hesabu kwa kumfuata yeye. Kuuzuia mkokoteni usiongeze kasi, ukiwa ungali kwenye mwendo wa kutembea, kunataka nyutoni 130 tu. Kuusimamisha kabisa kutoka mwendo huo wa 1.2, ndani ya sekunde 2, kunataka 500 mara 0.6, ambazo ni 300, pamoja na zile 130: jumla 430. Ni kazi, lakini mtu aliyejitegemeza vizuri pakavu anaweza. Sasa ngoja mpaka kasi ifike 4. Kuusimamisha ndani ya sekunde 2 zile zile kunataka 500 mara 2, yaani 1,000, na 130 juu yake. Nyutoni 1,130. Hamali ana kama kilo 65. Uzito wake wote ni nyutoni 650. Hakuna namna ya kujitegemeza itakayomwezesha. Kuukimbiza kando na kuuachia baraza kulikuwa uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake.

Baraza nayo iliusimamisha kwa muda mfupi sana. Tukichukua sehemu mbili kwa kumi za sekunde, kani iliyopita kwenye lile gurudumu ilikuwa kama nyutoni 10,000. Jiwe la matumbawe halikutikisika. Ekseli ilipinda.

Je, mkokoteni mwepesi usingekimbia?

Jibu la tatu lilikuwa na wafuasi wengi, kwa hiyo tulilipa nafasi yake. Punguza mzigo mpaka jumla iwe kilo 250. Kani ya mteremko inapungua kuwa 125. Msuguano wa magurudumu nao unapungua kwa nusu, 60. Salio ni 65, na 65 gawanya kwa 250 ni 0.26 ile ile. Mkokoteni mwepesi ukiachiliwa ungefika kwenye baraza kwa kasi ile ile ya mita 4 kwa sekunde.

Hawakuamini, na sikutaka waamini ubao. Tulidondosha nazi na ndimu kutoka ghorofa ya kwanza, pamoja, mara kwa mara, mpaka wakachoka kubishana: vilifika chini pamoja. Galileo Galilei alilipigania jambo hili Italia kabla Newton hajazaliwa, akitumia mipira inayobingirika kwenye mbao zilizoinamishwa ili mwendo uwe wa polepole kiasi cha kupimika. Mteremko wa Mji wa Kale ni ubao wake huo huo kwa ukubwa mwingine.

Tofauti ya mzito na mwepesi ipo, ila ipo kwenye kuzuia. Ule wa kilo 250 ungehitaji nyutoni 65 tu ili usiongeze kasi, na 565 kusimamishwa kutoka kasi ya 4, nusu kamili ya ule mzito. Uzito hauukimbizi mkokoteni. Uzito unamnyima mtu uwezo wa kuuzuia.

Barabara nayo husukuma

Mvulana mmoja, mwenye tabia nzuri ya kutokubali kitu mpaka akigeuze pande zote, aliuliza: "Sheria ya tatu inasema kila kani ina kani nyingine sawa nayo upande wa kinyume. Hamali anauvuta mkokoteni kwa 120, na mkokoteni unamvuta yeye kwa 120. Si zinafutana? Wataondoka vipi?"

Swali hili limewasumbua watu wazima, na kulipita haraka ni kumdhulumu mwanafunzi. Njia ni ile ile ya kuchora kila kitu peke yake. Chora mkokoteni pekee: kani ya hamali iko hapo. Chora hamali pekee: kani ya mkokoteni iko huku. Ziko kwenye vitu viwili. Kani hufutana zikiwa juu ya kitu kimoja. Zilizo juu ya vitu viwili haziwezi kufutana, kama vile deni langu halilipwi na akiba iliyo mfukoni mwa jirani. Mkokoteni unaondoka ikiwa kani ya hamali inazidi msuguano wa magurudumu, basi. Na hamali anaondoka ikiwa kuna kitu kinachomsukuma yeye mbele kuliko mkokoteni unavyomvuta nyuma. Kitu gani? Walikaa kimya, kisha msichana yule yule akaonyesha chini.

Barabara. Hamali anaisukuma lami nyuma kwa nyayo zake, na lami inamsukuma yeye mbele kwa kani ile ile. Kwenye mteremko mambo yanageuka: anaisukuma lami kuelekea chini, nayo inamsukuma kuelekea juu, na msukumo huo ndio anaoupitisha kwenye mkokoteni kuuzuia. Misuli yake ni mpitishaji tu. Kama nyayo haziwezi kuishika lami, lami haiwezi kumrudishia kitu.

Hapa ndipo zile nyutoni 130 zilipomshinda. Alihitaji 130 za mkokoteni na 32 za mwili wake mwenyewe, kwa kuwa naye mteremko unamvuta, jumla 162. Kandambili zilizolika, kwenye lami yenye maji na utelezi, tulizikadiria kushika sehemu mbili kwa kumi za uzito wake: 130. Zilipungua 32. Mguu ukishaanza kuteleza, na mtu akishaanza kukimbia, nyayo zinakaa hewani muda mwingi kuliko chini, na hata hizo 130 hazipatikani tena. Pakavu angeshika mara tatu ya hizo bila kutoka jasho.

Pale mtungi ulipoanguka

Kulikuwa na njia ya kuhakiki ile kasi ya mita 4 bila kutumia mteremko kabisa, nayo ni mahali mitungi ilipoanguka. Kitako cha safu ya juu kiko kama mita 1 kutoka chini. Kitu kinachoanguka mita 1 huchukua sekunde 0.45, kiwe kinaenda mbele au hakiendi. Mitungi ilianguka mita 1.5 mbele. Mita 1.5 kwa sekunde 0.45 ni mita 3.3 kwa sekunde. Lakini kabla ya kuruka iliteleza juu ya mitungi ya chini, plastiki kwa plastiki, na msuguano ule uliichelewesha kidogo. Msuguano wa namna hiyo, tukiukadiria sehemu tatu kwa kumi za uzito, ni nyutoni 60 juu ya mtungi wa kilo 20. Ndani ya sehemu mbili kwa kumi za sekunde unapunguza kasi kwa 0.6. Rudisha hizo 0.6 na tunafika karibu na 4.

Hesabu mbili zisizojuana, moja kutoka juu ya mteremko na moja kutoka kwenye doa la maji barabarani, zimekutana. Darasa lilipiga makofi, na mimi pia.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kazi ya kamba. Ili mtungi usimame pamoja na mkokoteni, ulihitaji nyutoni 400 za kuurudisha nyuma. Msuguano ulitoa 60. Zilizobaki, 340, zilitakiwa zitoke kwenye kamba, na kamba haikuwapo. Abiria wa matatu ni vivyo hivyo. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Kenya mwaka 2004, wakati John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, zilitaka kila kiti kiwe na mkanda na gari liwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Hizo ni mita 22 kwa sekunde. Mtoto wa kilo 50 katika gari linalosimama kwa sehemu mbili kwa kumi za sekunde anahitaji nyutoni 5,500 ili asimame nalo, mara kumi na moja ya uzito wake. Mikono iliyoshika kiti cha mbele haitoi hata robo ya hizo. Niliwaomba wazazi kwa maandishi waitazame hesabu hii pamoja na watoto.

Kipande cha tairi

Sababu ya ajali mtaani ilikuwa mvua. Kila mtu alisema hivyo, na hamali mwenyewe alianza hivyo. Lakini alipotuonyesha mkia wa mkokoteni tuliona misumari minne imechomoza, hakuna kilichoshikwa nayo. Hapo hukaa kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa. Hamali akiinua mikono ya mbele, mkia hushuka, mpira ukagandamiza lami na kusugua. Ndiyo breki ya mkokoteni. Kilichomoka asubuhi ile, naye akaona atakipigilia jioni.

Tulichukua kipande kingine, tukaweka jiwe la kilo 10 juu yake na kukiburura kwa mizani ya samaki. Pakavu mizani ilisoma 7. Palipomwagiwa maji, 5. Kwenye mkokoteni ule, mikono iko mara mbili mbali na ekseli kuliko mkia ulivyo; hamali akiinua kwa nyutoni 200, mkia unagandamiza kwa 400. Nusu ya 400, kwa lami yenye maji, ni 200. Mteremko ulikuwa unadai 130. Kwa hiyo hata katika mvua ile, kwa kandambili zile zile, kipande kile kingeubana mkokoteni na bado zibaki nyutoni 70 za kuupunguza mwendo. Mvua ilimtelezesha miguu. Kilichomkimbizia mkokoteni ni zile nyutoni 200 zilizobaki nyumbani.

Tulipokuwa tukifuta ubao, mvulana wa sheria ya tatu alirudi tena. Hamali akiinua mikono ya mkokoteni kwa 200, alisema, basi mikono nayo inamgandamiza yeye chini kwa 200, kwa hiyo nyayo zake zinabeba 850 badala ya 650. Sehemu mbili kwa kumi za 850 ni 170. Na alichohitaji kilikuwa 162.